SOMO: Kulala Dubai usiku mmoja, kwa wadogo zangu wa Lamu mlioingia kazi ya ndege

Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii. Kila mtoto wa kwetu akipata kazi ya kabini swali ni lile lile, dada nimepangiwa leova (mapumziko kati ya safari mbili) Dubai, masaa 24, nifanye nini? Soma mpaka mwisho ndio uulize.

Hatua ya kwanza, piga hesabu. Hayo 24 si yako yote. Mawili yanaishia imigresheni na basi la hoteli, mawili ya mwisho ni kuondoka na brifingi (kikao cha kabla ya safari), nane ni usingizi kabla ya kurudi kazini, manne ya kupumzika ukifika maana umekesha angani. Yanabaki kama nane, na ndani yake ule, uoge, uswali. Unapumzishwa ili uweze kufungua mlango wa dharura ukihitajika, kutembea ni ziada.

Hatua ya pili, ukifika funga pazia ulale. Lakini kabla ya pazia, hatua ya tatu.

Hatua ya tatu ni SAA, na hapa naomba mtulie. Kampuni nyingi zinaandika rosta (ratiba ya kazi) kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Juu yake Lamu tumeongeza masaa matatu, Dubai wameongeza manne. Tuseme rosta inasema basi linaondoka hotelini 22:00 tarehe 15. Kwa Dubai hiyo ni 02:00, yaani saa nane usiku, na tarehe imeshageuka ni 16, huku mama yako nyumbani kwake ni saa saba. Sasa wewe umetoka usingizini unaona 22 unasema ah, saa nne usiku, unashuka na sanduku hakuna mtu, au mbaya zaidi umeshageuza saa, unaona tarehe 16 unadhani ni usiku wa kesho unaenda zako kutembea. Tena kuna mtego wa simu: ukiiacha bila mtandao kama ulivyoizima kwenye ndege inabaki na saa ya Nairobi, alamu uliyoweka saa saba inalia Dubai ikiwa saa nane na wenzako wako kwenye basi. Kuna mwenzetu alilifuata basi kwa teksi mpaka uwanjani akiwa na kiatu kimoja mkononi, na barua ya onyo akaandikiwa. Kwa hiyo: chukua karatasi ya hoteli, andika siku, tarehe na saa YA DUBAI, muulize mkuu wa kabini kama umepatia, waambie mapokezi wakupigie, na simu iweke mbali na kitanda. Vyote vinne, usichague.

Hatua ya nne, toka, sehemu moja tu. Mimi nawapeleka Deira, mtaa wa zamani wa Dubai. Metro (treni ya mjini) laini nyekundu mpaka Union, badilisha kijani, shuka Al Ras. Soko la viungo liko hapo na la dhahabu liko jirani. Ukimaliza kuangalia panda abra (mashua ya kuvushia watu) uvuke khori, mkono wa bahari unaokata mji, kwenda Bur Dubai, dirham moja, uwe na chenji mkononi, ni kama kuvuka kutoka Manda ila huku hakuna wa kukubebea sanduku. Upande wa pili tembea mpaka Al Fahidi, nyumba za zamani zenye minara ya upepo. Ndani ya metro usile, usinywe, hata chingamu, faini dirham 100. Julai na Agosti joto linapita 40, toka wakati wa magharibi.

Hatua ya tano, rudi, kula, lala.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Dada, saa ya rosta ni ya Kenya ama ya Dubai?
– Hatua ya tatu. Isome yote.

Mrembo wa Mkomani: Yaani niende Dubai nirudi bila picha ya Burj Khalifa? Hii somo imekaa kizee.
– Nenda, sijakukataza, laini hiyo hiyo nyekundu ina stesheni yake. Ila kutoka stesheni mpaka chini ya jengo unatembea sana ndani ya daraja refu la kioo, kwenda na kurudi. Deira au Burj. Ukitaka vyote viwili usingizi utautoa wapi?

Bi Shela: Mwanangu, wiki ijayo si unaenda, nikupe kifurushi kidogo umpelekee binamuyo, ni dawa ya kifua tu na vitu vidogo.
– Shangazi nisamehe, hapana, na wadogo zangu nyote semeni hapana hata akiwa mama. Dawa za kikohozi zenye codeine, na tramadol, kule zinadhibitiwa, zinataka kibali cha serikali yao kabla hujasafiri. Miraa ni marufuku kabisa, watu wamefungwa. Mfuko ukiwa mkononi mwako ni wako, hakuna anayeuliza ni wa nani. Binamu anaweza kumuona daktari huko huko.

Fundi wa Matondoni: Assalam aleikum. Nasikia khorini bado kuna majahazi ya mbao, ni kweli?
– Waaleikum salaam, swali zuri sana hili. Ni kweli, gati ya Deira yamejipanga ubavu kwa ubavu, yanapakia mafriji, matairi, maboksi, mengine yanaelekea Iran, mengine Somalia. Wewe unayeunda vyombo utasimama pale hutaki kuondoka. Na ukifika Al Fahidi inua macho utazame dari. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka pwani yetu, mabaharia wao wakija na upepo wa kaskazi wameleta tende, wakirudi na kusi wamechukua boriti. Kenya ilipiga marufuku kuzitoa nje mwaka 1982.

Fundi wa Matondoni: Ndio maana vyumba vyao navyo vyembamba kama vyetu, urefu wa boriti ndio upana wa chumba.
– Hasa. Na ukitoka hapo Msikiti Mkuu wa Bur Dubai uko karibu, unaswali ndio unavuka kurudi.

Kijana wa Langoni: Nimesoma. Kwa hiyo 22:00 ni saa nane?
– Saa nane usiku, tarehe ya kesho yake. Andika kwenye karatasi.