Kuhamisha mvinje wa bonsai: usioshe mizizi yote

Msonobari mweusi wa Japani huhitaji majira ya baridi ili upumzike, na Mombasa haina baridi hiyo; kwa hiyo anayetaka bonsai, yaani mti unaokuzwa mdogo chunguni, yenye sura ya msonobari afadhali achukue mvinje, mti uleule uliotumiwa kufufua machimbo ya chokaa ya Bamburi, karibu na Mombasa.

Mwaka wa kwanza mizizi isiguswe. Chagua matawi, yazungushie waya wa alumini kwa mshazari, na uukague waya kila wiki, kwa kuwa mvinje hunenepa upesi na kovu la waya katika gome hukawia kufutika.

Uhamishe, yaani uutoe chunguni na kuupanda upya, kila baada ya miaka 2 au 3, masika yanapoanza na hewa kuwa na unyevu. Hapa ndipo wengi huharibu, tena kwa kupenda usafi. Ukiuchomoa mti utaona kwenye mizizi vinundu vya kahawia vilivyoshikana kwa vichala. Humo huishi bakteria wa Frankia, ambao huupatia mti naitrojeni kutoka hewani. Kata mizizi minene inayoelekea chini, isizidi thuluthi moja ya mizizi yote, lakini vibakize vinundu pamoja na konzi ya udongo wa zamani, uuchanganye na kokoto ndogo au matumbawe yaliyopondwa, maana mvinje huvumilia chokaa. Mchanga wa ufukweni, kwa maoni yangu, haustahili kazi ya kuuosha chumvi.

Kisha uweke kivulini, mbali na upepo wa kusi, na usipogoe tena mpaka machipukizi mapya yarefuke.