Grisi kwenye vespa ya otomatiki: inapoingia na isipogusa

Hapa Unguja kila skuta tunaiita vespa, hata ikiwa imetoka India au China. Ninayoizungumzia ni ile ya otomatiki: unatia ufunguo, unavuta mafuta, inaondoka. Zile kongwe za kubadilisha gia kwa mkono, kama Vespa PX, klachi yake inakaa ndani ya oili. Hizi za otomatiki klachi yake ni kavu, na anayezichanganya hizi mbili hunipatia kazi.

Kijana mmoja alinijia anaisukuma ya kwake, jasho linamtoka.

“Shikamoo, ami. Injini inawaka, inanguruma, lakini chombo hakiendi.”

“Marahaba. Umefungua mwenyewe?”

“Nimefungua, nikaipaka grisi kila panapozunguka.”

Nilipotoa kava ya kushoto, mkanda ulikuwa unang'aa na bakuli la klachi limepakwa ndani mpaka kwenye ukingo. Sikumlaumu sana. Mnyororo wa pikipiki unapakwa oili, basi naye akaona hii ni hivyo hivyo. Lakini huku ndani mwendo unatokana na kukamata. Mbele kuna variata: injini ikizidi kasi, rola, yaani vile vizito vya duara vilivyo ndani yake, zinasukumwa nje, zinabana sahani mbili, mkanda unapanda juu. Nyuma, puli inafunguka na mkanda unazama. Klachi nayo ina shuu zinazotanuka kwa kasi mpaka zinashika bakuli, ndipo tairi linazunguka. Mkanda na sahani zake, shuu na bakuli lake, vyote vinataka ukavu. Na kwa kuwa kila kitu kinazunguka kwa kasi, grisi iliyozidi katikati haibaki katikati, inarushwa nje mpaka kwenye mkanda.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa baridi, chombo kiko kwenye stendi ya kati, ufunguo mfukoni. Kabla ya kutoa mkono wa kiki, tia alama kwa chaki ulipokaa. Bolti za kava hazilingani urefu: chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, kila bolti ichomeke mahali pake. Vumbi jeusi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo, lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Angalia mkanda una mshale wa upande gani. Kama umefutika, chora wako.

Nati ya mbele ina nguvu. Watu wanaingiza bisibisi kwenye mapanga ya feni ili injini isizunguke, halafu wanakuja kununua feni. Tumia kishikio chake, au mpelekee mwenye bunduki ya upepo akufungulie nati ya mbele na ya nyuma, ni dakika mbili.

Variata ukiifungua, rola zifute, zipange tena kavu. Iliyochongeka upande mmoja haifai tena, badilisha zote kwa pamoja. Zipo skuta chache ambazo variata yake ina kifuniko chenye oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia. Hizo zimeundwa kubeba grisi ndani na utaikuta humo. Kama hakuna kifuniko cha namna hiyo, usianzishe utaratibu wako. Bushi ya katikati, ile bomba fupi ya chuma ambayo variata inavaa juu yake, ifute mpaka ing'ae.

Panapotaka grisi hasa ni kwenye puli ya nyuma, na ndipo mafundi wavivu wasipofika, kwa sababu kuifungua ni shughuli. Klachi na puli vimeshikwa na nati kubwa bapa, na chini yake kuna springi iliyobanwa. Nati ikiachia bila kushikiliwa, springi inakupiga usoni. Mimi naibana kwenye jiliwa, au mtu wa pili anaikandamiza kwa uzito wake wote wakati nafungua, kisha tunaiachia taratibu. Peke yako bila jiliwa, usijaribu.

Springi ikitoka, utaona kikombe cha chuma kilichovaa juu ya oringi mbili. Kivute juu kwa kukizungusha. Ndani yake kuna pini ndogo, mara nyingi tatu, zinazotembea kwenye njia zilizochongwa. Sahani ya puli inafunguka na kufunga kwa kuteleza juu ya pini hizo. Grisi yake ikikauka na kuwa kama lami, vespa inashtuka unapoondoka, na kwenye mlima inachelewa kurudisha nguvu. Osha kwa petroli kidogo, mbali na moto, ukaushe. Kisha grisi ya beringi inayostahimili joto: jaza njia za pini, paka pini zenyewe, na tabaka jembamba kwenye beringi ya sindano iliyo katikati. Rudisha sahani, izungushe mara kadhaa, na kila grisi inayochomoza nje ifute. Oringi na sili tia mpya. Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyozuia grisi hiyo isitoroke kwenda kwenye mkanda.

Shuu za klachi zina pini zinazochezea. Pini zikiwa na kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi huwa nayo, zisugue kwa msasa laini na utie grisi kiasi cha punje ya choroko, uifute tena. Uso wa shuu upitishe msasa mpaka ule mng'ao uondoke. Zilizolowa grisi, kama za yule kijana, sihangaiki nazo. Petroli inaizamisha ndani zaidi. Alinunua shuu na mkanda, bakuli tukalisafisha.

Gia ya kiki na shafti yake zilizo kwenye kava zipake vizuri. Hapo hata ukizidisha kidogo hakuna ugomvi, mradi isidondoke.

Gia za tairi ziko nyuma kabisa, kwenye boksi lao, na zina oili yake. Vespa nyingi za cc 110 hadi 150 zinataka kati ya mililita 100 na 200 tu. Kitabu chake au maandishi kwenye boksi yatakwambia kiasi na aina. Mimi napima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Usijaze mpaka imwagike: ikizidi hupata njia kwenye sili ya shafti na kuingia kwenye klachi.

Sasa kurudisha, na hapa tulia. Finya puli ya nyuma ifunguke, usukume mkanda uzame chini kabisa, ili upande wa mbele ulegee. Ndipo uvae sahani ya mbele na kukaza nati. Mkanda ukiwa umebanwa kati ya sahani mbili, nati inakaza mkanda badala ya bushi. Utadhani imekaza, mbele ya safari inalegea na kula meno ya shafti. Ukishakaza, zungusha sahani kwa mkono uone mkanda unacheza huru.

Washa ukiwa bado kwenye stendi, mikono mbali. Injini ikiwa polepole, ukigusa breki tairi litulie na libaki limetulia. Ukivuta mafuta liondoke bila kushtuka. Asubuhi inayofuata chungulia sakafuni chini ya boksi la gia. Ukikuta tone, badilisha washa ya bolti ya kumwagia oili kabla hujaikaza zaidi, maana uzi wa aluminiamu ukishakatika hapo utakuja kwangu.