Picha za mnara wa askari Lubumbashi alfajiri: majina yasomeke, na wenyewe wapelekewe

Wanaopiga picha minara ya kumbukumbu ya vita wengi hukosea mahali pamoja: husimama upande ambao jua linaupiga usoni. Anga inapendeza, jiwe linang'aa, lakini majina hayasomeki. Na familia ya askari ikikabidhiwa picha, kidole kinatafuta jina kwanza. Anga baadaye.

Herufi zilizochongwa huonekana mwanga unapozipitia ubavuni, kila mchoro ukibaki na uzi wa kivuli ndani yake. Kwa hiyo nenda kwanza mchana na dira ya simu, uandike kila uso wa mnara unatazama wapi. Lubumbashi iko kama nyuzi 11 na nusu kusini ya ikweta, na jua halitokei mahali pamoja mwaka mzima. Juni linachomoza nyuzi 24 hivi kaskazini ya mashariki, basi uso wa kaskazini ndio unaopata mwanga wa ubavu. Desemba ni kinyume: uso wa kusini. Uso wa mashariki hupigwa moja kwa moja miezi yote, asubuhi hauna faida kwa majina. Urudie kwenye saa tano, jua likiwa juu na mwanga ukiteremka kando ya jiwe. Wa magharibi usubiri saa saba mchana.

Juni na Julai jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Desemba, saa kumi na mbili kasorobo. Fika dakika 40 kabla. Pambazuko letu ni fupi, kama dakika 22 kutoka buluu nzito hadi jua lenyewe, na anayefunga trepye (miguu mitatu ya kamera) wakati huo ameshachelewa. Kuanzia Mei hadi Julai anga ni safi, ila baridi inauma na betri huisha upesi: weka ya akiba mfukoni, karibu na mwili. Mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi jekundu hulitoa jua kama embe bivu. Kwa picha pana ni uzuri mtupu, kwa herufi ni hasara, maana mwanga umetawanyika na vivuli vimekufa.

Ruhusa isiachwe hadi dakika ya mwisho. Mtu mwenye trepye gizani anatiliwa shaka, na ana haki ya kutiliwa. Pitia ofisi ya komini (serikali ya mtaa) siku kadhaa mapema, omba karatasi yenye muhuri, tembea na nakala mbili. Ukifika, msalimu mlinzi kabla hujafungua mfuko. Kambi, daraja, uwanja wa ndege na ofisi za serikali zisiingie kwenye picha hata kwa pembeni. Hapo karatasi haitakuokoa.

Kamera iwe kwenye trepye, ISO 100, tundu f/8, saa ya kujipiga sekunde 2 ili kidole kisitikise. Kabla ya jua muda wa kupokea mwanga uanzie sekunde 1, kisha punguza kadiri mwanga unavyopanda. Piga tatu tatu: ya kawaida, ya mwanga hatua mbili chini, ya mwanga hatua mbili juu. Rangi ya mwanga iweke 5500K kwa mkono, kwani ukiiachia mashine italifuta joto lote la alfajiri. Kwa simu, bonyeza jiwe mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo. Lenzi ikipata ukungu, ifute kwa kitambaa kikavu, si kwa shati.

Herufi zikiwa zimechakaa, watu hupaka chaki, unga au mafuta ili zionekane. Usifanye. Chaki hukwama kwenye vitundu vya jiwe, mafuta huacha doa. Chukua tochi, ishike kando kwa pembe ndogo, karibu sambamba na jiwe, mwenzako apige. Bamba la mukuba (shaba) usilisugue. Likimetameta, sogea hatua moja kushoto au kulia. Majina yapige kwa vipande, safu 10 kwa picha, kila kipande kikiingiliana kidogo na kinachofuata, kamera ikiwa sambamba na ukuta.

Kabla ya kuandika maelezo, jua ni vita gani. Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, iliingia Tabora Septemba 1916. Mwaka 1941 ilikuwa Ethiopia, na Waitaliano wakasalimu amri Saïo mwezi wa Julai. Hospitali yake ya vita ilifika hadi Burma. Vita vya Katanga vya 1960 hadi 1963, jimbo lilipojitenga na Kongo, ni jambo jingine kabisa, na mjini humu kila nyumba ina upande wake. Andika kilichochongwa, usiongeze sifa.

Askari wa vita vya 1940 karibu wote wamefariki. Koplo Albert Kunyuku, aliyevishwa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, alikuwa ametimiza miaka 100. Kwa hiyo mara nyingi utaenda kwa mjane au mjukuu, au kwa wazee wa jeshi la baadaye. Tuma mtu atangulie kuomba siku. Peleka sukari, sabuni, unga. Pesa, kama zipo, ziwe ndani ya bahasha na zisitolewe mbele ya watoto. Keti uliposhauriwa. «Jambo, papa. Tumekuja kukusalimia na kukuletea jina la ndugu yako.» Mzee wa jeshi usimuulize aliua wangapi. Muulize alipikiwa nini kambini, nani alikuwa rafiki yake. Mengine atayafungua mwenyewe akitaka. Picha yake ipigwe karibu na mlango wazi, nishani zikiwa upande wa kushoto wa kifua, baada ya yeye kukubali.

Majina hayaandikwi sawa. Kwenye jiwe utakuta Tsh, nyumbani ni Ch. Andika yote mawili, na matrikule (namba ya askari) kama ipo. Chapisha 20 kwa 30 sentimita, ukitaka ukali kamili faili liwe na pikseli 2400 kwa 3500 hivi, na nyuma uandike kwa penseli: mahali, tarehe, uso wa mnara, safu ya ngapi. Kalamu ya wino hupenya na kutokea mbele.