Unaenda Ureno kusoma Kireno? Soma hii kabla hujapanga begi

Anza na mji. Wengi wanakimbilia Lisbon, sawa pazuri, ila ukifungua mdomo na Kireno chako cha kuokoteza mhudumu anakujibu Kiingereza hapohapo na somo limeishia hapo. Mi nilienda Coimbra na sijutii, mji mdogo, maisha yake yote ni chuo tu, chenyewe kilianzishwa 1290 na kikatulia hapo moja kwa moja 1537, na Faculdade de Letras, kitivo chao cha sanaa na lugha, ina kozi ya Kireno kwa wageni. Jiandae na miguu lakini, chuo kiko juu kilimani na zile ngazi za kupandia zinaitwa Quebra Costas, yaani vunja mgongo, na aliyezipa jina hakuwa anatania.

Alafu kama umejifunzia kwenye apu za simu, ujue nyingi zinafundisha Kireno cha Brazil. Ureno basi ni autocarro sio ônibus, treni ni comboio sio trem, choo ni casa de banho sio banheiro, maana ukiulizia banheiro pale ni yule jamaa wa ufukweni anayeokoa wanaozama. Na ukiona barua ya chuo imeandika propinas usishtuke, kwa Mbrazili hiyo ni rushwa, kwao ni ada ya shule.

Ila balaa lenyewe ni masikio. Sisi tumezoea kila silabi inatamkwa mpaka mwisho, hawa vokali wanazimeza, unaona telefone imeandikwa vizuri kabisa afu mtu anatamka tlfon na ameshapita. Mi nilifika nasoma gazeti naelewa lakini muuza mkate simuelewi hata kidogo, aibu tupu. Dawa yake anza miezi miwili kabla, fungua redio yao ya Antena 1 kwenye intaneti nusu saa kila siku, hata kama huelewi we acha iimbe tu jikoni. Maneno ya bure unayo tayari, meza, bendera, leso, mvinyo, yote yalitoka kwao, ila usijidanganye sana maana gereza letu wanasema limetoka kwenye igreja na ukimwambia mtu unaenda igreja Jumapili unaenda kanisani.

Viza iombe mapema, Wareno wana ubalozi Nairobi, na karatasi za benki, bima na mahali pa kulala viwe tayari kabla hujaenda, sina la kuongeza hapo zaidi ya subira. Ukishafika tafuta NIF, namba ya kodi, bila hiyo mambo mengi yanagoma, kuanzia mkataba wa chumba mpaka akaunti ya benki.

Chumba sasa. Usilipe caução, ile hela ya dhamana, kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu, chukua hosteli wiki ya kwanza uzunguke mwenyewe. Gusa ukuta kama una unyevu, uliza moto wa kupasha nyumba, maana nyumba nyingi hazina na baridi ya mwezi wa kwanza utaikuta chumbani ni kali kuliko ya barabarani, mi nimelala na koti jamani. Na kubwa kuliko yote ishi na Wareno, usijichimbie na wageni wenzio mkaishia kuongea Kiingereza. Kuna nyumba za wanafunzi zinaitwa repúblicas, wanapika na kula pamoja, ukikaribishwa chakula hata mara moja nenda, pale mezani nilijifunza kuliko darasani.

Heshima ni kama kwetu tu. Usimrushie mtu mzima lile neno lao "tu", yaani "wewe" ya kirafiki, na hata "você", "wewe" nyingine, huwa inawakera baadhi yao, we sema "a senhora", yaani mama, anataka nini, kama unavyomuuliza mama wa dukani "mama anatakaje leo".

Mgahawani mkate na zeituni vikija bila kuagiza sio zawadi, ukigusa unalipa.

Mwezi wa tano kuna Queima das Fitas, sherehe ya wanafunzi, inafunguliwa usiku wa manane kwa fado, nyimbo zao za huzuni, mbele ya kanisa la Sé Velha, kanzu nyeusi kila kona na kimya kabisa. Siku nyingine ukienda kusikiliza fado ya Coimbra usikurupuke na makofi, ya kwao kwa jadi inashangiliwa kwa kukohoa.