Traifo ya matunda ya kopo, jikoni Dodoma

Kwetu Mombasa Idi bila traifo, kile kitindamlo cha tabaka za keki, matunda, jeli na kastadi, haijakamilika, na kuhamia Dodoma si sababu ya kuiacha. Wenzangu wa Pwani mlioko huku, anzeni na keki ya kawaida isiyo na krimu. Iliyolala ni bora, hainyong'onyei upesi.

Kisha kopo la nanasi na kopo la matunda mchanganyiko. Najua, soko la Majengo lina mananasi mazuri. Hayo kateni mle hivihivi! Nanasi la kumenya lina kimeng'enya kinachovunja jelatini, ile inayogandisha jeli. Jeli itakesha kwenye friji na asubuhi bado ni maji. Papai nalo ni hivyohivyo. La kopo limepitishwa motoni, kimeng'enya kimekufa. Jeli ya mwani haina shida hiyo, ila mimi sijaipenda, inakatikakatika.

Chuja matunda, sharubati usimwage. Yeyusha jeli kwa maji ya moto kama pakiti isemavyo, na pale inapotaka maji baridi tia sharubati. Panga keki, matunda, mimina jeli, weka kwenye friji hadi ishike.

Kastadi: nusu lita ya maziwa, vijiko vikubwa 2 vya unga wake uliokorogwa kwa maziwa baridi, sukari kijiko 1 tu. Pika hadi iwe nzito. Ipoe kabisa ndipo uimimine, la sivyo jeli inayeyuka. Funika bakuli, maana hewa ya huku ni kavu, kastadi hufanya utando.

Juu, zabibu za Dodoma zilizopasuliwa, kokwa zimetolewa.