Mwenye urithi wa Lynch: safisha utumbo vizuri kabla ya kolonoskopi
Kwa mwenye Lynch, yaani hali ya kurithi inayoongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana, kolonoskopi (kipimo cha kuchungulia utumbo huo kwa mrija wenye kamera) hurudiwa kila baada ya mwaka 1 au 2, maana kwake kivimbe cha utumboni hugeuka kansa haraka. Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni utumbo mchafu. Hapa Bukavu taabu ni sombe (majani ya mihogo) na maharagwe: acha siku 3 kabla, pamoja na marakuja na mapera, kwani mbegu huziba njia ya kunyonya uchafu ndani ya mrija wa kipimo. Vidonge vya chuma, acha siku 7 kabla.

Dawa ya kuharisha unayopewa kusafisha utumbo igawe: nusu jioni, nusu ya pili ianze masaa 5 kabla ya kipimo. Kuimaliza yote jioni ni kosa. Usiku uchafu hushuka tena upande wa kulia, ambako kansa ya Lynch hupenda kuanzia na vivimbe bapa hujificha. Choo kikiwa bado cha kahawia, mwambie muuguzi mapema.