Kuchagua Mti wa Kivuli kwa Kusoma Jani Lake

Mkulima wa kahawa wa Machame, Kibosho au Marangu, huku Kilimanjaro, anapotaka kupanda mti wa kivuli kihambani, yaani katika shamba lake la nyumbani, mara nyingi huuliza kwanza habari ya mbao: utachukua miaka mingapi hadi kupasuliwa? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwa sababu muda mrefu kabla ya msumeno kuufikia, mti huo utakuwa unadondosha majani juu ya mashina ya kahawa na migomba, na majani hayo ndiyo yatakayoujenga udongo au kuuacha na njaa.

Wanaikolojia wa mimea hawaanzi na jina la mti. Hupima sifa zake za kiutendaji, yaani zile zinazoonesha namna mmea unavyoishi: unene wa jani, naitrojeni iliyomo, uzito wa mbao kwa ujazo wake, kina cha mizizi. Kipimo kimoja kinachotumika sana hupatikana kwa kugawanya eneo la jani bichi kwa uzito wa jani hilohilo likishakaushwa. Mwaka 2004 Ian Wright na wenzake walilinganisha aina 2,548 za mimea kutoka maeneo 175 duniani, wakaonesha kwamba majani hujipanga katika mstari mmoja mkuu. Mwanzoni mwa mstari yapo majani mepesi yenye virutubisho vingi, yanayotengeneza chakula cha mmea kwa haraka na kudondoka mapema, na mwishoni yapo mazito na magumu, yenye virutubisho kidogo, yanayodumu mtini muda mrefu. Yale mepesi kwa kawaida huoza upesi, na yale magumu hukawia.

Vihamba vyetu vina miti ya ncha zote mbili. Mruka, ambao wengine huuita mfuruanje, ni wa jamii ya mikunde, na vijani vyake vidogo na laini huoza kwa urahisi. Mgrivea, uliotoka Australia, una jani gumu lenye rangi ya fedha upande wa chini. Hata hivyo sikubaliani kabisa na ushauri wa kung'oa migrivea yote, kwa kuwa mizizi yake ya vishada hutoa asidi zinazofungua fosforasi, nao udongo wetu wa volkano hushikilia fosforasi kwa nguvu. Jani lake pia ni tandazo zuri linalokinga unyevu wakati wa kiangazi. Kosa ninaloliona ni kulifukia. Jani gumu likichanganywa na udongo, vijidudu vinavyolimeng'enya huchukua naitrojeni iliyopo, na kahawa hubaki na upungufu kwa muda. Litandazwe juu ya udongo, mbali kidogo na shina, na likichanganywa na majani ya mruka ni bora zaidi.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua wavu wa plastiki wa kuzuia mbu madirishani, ushone vifuko vya ukubwa wa kiganja, kisha ujaze majani makavu ya uzito uleule, kila mti na kifuko chake, na uvilaze chini ya matandazo masika yanapoanza mwezi Machi. (Vyandarua vilivyotiwa dawa visitumike, maana dawa hiyo huua wadudu wanaosaidia kuozesha.) Baada ya wiki nane fungua, ondoa udongo kwa brashi, kausha na upime tena. Minyoo mikubwa haiwezi kupenya wavu huo, kwa hiyo matokeo yatumike kulinganisha mti na mti, si kukadiria kasi halisi ya shambani.

Mbuni wenyewe, yaani mti wa kahawa, nao husomeka. Linganisha jani la tawi lililo juani na la tawi lililo kivulini: la kivulini huwa pana zaidi na lenye unene mdogo, kwani mmea hupanua jani ili upate mwanga mchache uliopo. Majani ya mashina yako yote yakiwa mapana hivyo, na vifundo vya maua ni vichache, kivuli kimezidi. Pogoa matawi ya juu ya miti mara baada ya mavuno, na majani mabichi utakayoyaangusha yatandaze papo hapo.